Riwaya ya ujanani kuhusu mashujaa wa farasi: uipige msasa, uiandike upya, au uiache ilivyo?

Riwaya yangu ya kwanza ina kurasa 312, na kosa lake la kwanza liko ukurasa wa kwanza. Sultani Salahuddin ameketi hemani mwake, ni mwaka 1187, na mtumishi anamletea kahawa. Habari za uhakika za watu kunywa kahawa zinaanzia Yemen katika karne ya 15. Nilikuwa na miaka 23 nilipoandika hivyo, kwenye madaftari makubwa ya kaunta, na hema la sultani lisilo na kahawa halikunijia akilini kabisa, maana kila baraza nililolijua lilikuwa na kahawa.

Riwaya yenyewe inahusu mashujaa wa farasi kutoka Ulaya walioishi Palestina katika karne ya 12, na mwisho wao kwenye vita vya Hattin. Nililipia mwenyewe nakala 500. Nyingi zilinunuliwa na marafiki na shule mbili tatu, kisha kitabu kikalala. Mwaka juzi nilikichukua tena mkononi, na nimekaa nacho hadi mwaka huu. Muda wote huo nilikuwa najiuliza swali ambalo sasa waandishi wenzangu wananiuliza mimi: kitabu cha ujanani kikiwa bado kina uhai lakini kimejaa makosa, unakipiga msasa, unakiandika upya, unakichapisha kilivyo na kukiwekea maelezo, au unakiacha na kuandika kingine? Njia mbili za kwanza nimezipita mwenyewe. Mbili za mwisho nimezifuatilia kwa waandishi waliozipita. Naziweka hapa bega kwa bega.

Niseme mapema ninakoegemea. Idadi ya makosa haiamui kitu. Kinachoamua ni mahali kosa lilipo: kwenye ngozi ya kitabu au kwenye mfupa wake. Kahawa ni ngozi. Mfupa nitauonyesha mbele.

Vita vyenyewe, kwa ufupi

Mifano yangu yote inatoka Hattin, basi tukumbushane. Mwanzoni mwa Julai 1187 jeshi la Ufalme wa Yerusalemu, dola ya hao Wakristo wa kutoka Ulaya, lilikuwa limepiga kambi Saffuriya, mahali penye chemchemi. Salahuddin akauzingira mji wa Tiberia, kando ya Ziwa la Galilaya. Ndani ya ngome alikuwemo Eschiva, mke wa Raymond wa Tripoli, mmoja wa wakuu wa jeshi hilo. Raymond huyohuyo, ambaye mkewe ndiye aliyezingirwa, alishauri jeshi lisiyaache maji. Mfalme Guy de Lusignan akakubali, lakini usiku Gerard de Ridefort, mkuu wa watawa wapiganaji wa Hekalu, akamgeuza. Tarehe 3 asubuhi wakaondoka. Kutwa walitembea juani bila maji, mishale ikiwanyeshea, na usiku wakalala na kiu yao. Tarehe 4 majani makavu yalitiwa moto, moshi ukawafuata usoni, na jeshi likaishia kwenye kilima chenye ncha mbili kiitwacho Pembe za Hattin. Kutoka pale juu ziwa linaonekana. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo Yerusalemu ikajisalimisha.

Kupiga msasa

Hapa unaacha sura, wahusika na mfuatano wa matukio kama vilivyo. Unasahihisha lugha, na unasahihisha ukweli wa mambo. Mimi ilinichukua miezi mitano, jioni na siku za mapumziko.

Makosa ya ngozi katika riwaya za mashujaa wa farasi yanafanana sana, kwa kuwa wengi wetu tuliwajua watu hawa kupitia filamu zilezile. Kijana wangu nilimvika mabamba ya chuma kutoka shingoni hadi vidoleni. Deraya kamili ya namna hiyo ni ya karne ya 15. Mwaka 1187 alivaa koti refu la pete za chuma zilizofumwa, na chini yake nguo nene ya matabaka ya kitambaa ili pigo lisivunje mfupa. Upanga wake niliuandika kama mzigo wa watu wawili, kumbe upanga wa mkono mmoja wa wakati ule ulikuwa na uzito wa kilo moja na kitu. Nilimpandisha farasini kwa kamba na gurudumu. Hizo ni hadithi za baadaye: hata mabamba kamili ya karne ya 15, yenye kilo 15 hadi 25, aliyeyazoea alipanda farasi mwenyewe. Na kwenye karamu yangu ya mji wa Akka kulikuwa na nyanya, viazi mviringo na pilipili kali. Vyote vitatu vilitoka Amerika, baada ya 1492.

Makosa haya yanasahihishika, na kazi yenyewe inakupa zawadi. Nilipotafuta cha kuweka mahali pa viazi, nilikutana na kanuni ya watawa wa Hekalu. Walikula nyama mara tatu kwa wiki. Kila shujaa aliruhusiwa farasi watatu. Walikatazwa kuwinda, isipokuwa simba. Niliposoma hilo la simba niliacha kazi ya siku nzima, nikakaa nikiwaza mtawa aliyeweka nadhiri ya umaskini na utii, ambaye starehe pekee ya porini aliyobakishiwa ni mnyama anayeweza kumuua. Ukurasa mzima wa riwaya ulipona kwa sababu ya viazi.

Kuna jambo jingine ambalo msasa ulinifundisha, nalo ni zawadi ya Kiswahili chenyewe. Katika muswada wa zamani niliandika "saa nne na robo usiku", na nilipoanza kusahihisha nilitaka kufuta saa zote, maana saa za mitambo zilikuwa bado hazijaenea Ulaya. Kisha nikaangalia watawa walivyohesabu siku yao. Walikuwa na sala ya saa ya tatu, ya saa ya sita na ya saa ya tisa, zikihesabiwa tangu jua kuchomoza. Hiyo ndiyo saa tatu asubuhi yetu, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Mwandishi wa Kiingereza akifika hapo hana budi kutumia neno la kanisani ambalo msomaji wake halijui, au aandike saa ya kisasa na kupoteza hesabu ya wale watu. Mimi naandika "kengele ya saa tatu ililia", na mtawa wa Akka na msomaji wangu wa Tanga wanasikia saa ileile. Tofauti ni kwamba wao waligawa mchana wote kwa 12, kwa hiyo saa zao zilirefuka kiangazi na kufupika wakati wa baridi. Kwetu karibu na ikweta mchana haupishani sana, hatuyahisi hayo. Nilifuta robo na dakika. Saa nikaziacha.

Faida kubwa ya msasa ni kwamba ari ya ujana inabaki. Nilipokuwa na miaka 23 niliandika mashambulizi ya farasi kwa pumzi moja, kurasa tatu bila kituo kirefu, na sidhani kama leo ningethubutu. Ukiwa na kurasa za namna hiyo, usiziguse sana.

Hasara yake ni kwamba ukweli mpya unakaa kama kiraka kipya kwenye nguo kuukuu. Sentensi ya zamani ilijengwa kubeba mabamba yanayong'aa. Ukiyatoa na kuweka pete zilizofumwa, kishindo chake bado kinangoja ule mng'ao. Msomaji hajui kilichotolewa, ila anahisi sentensi inayumba.

Kuandika upya

Sasa mfupa. Katika kitabu changu cha kwanza kila kitu kilisukumwa na kijana mmoja wa Kifaransa anayetaka kuwa jasiri, na anakufa akiwa jasiri. Waislamu walikuwa wa aina mbili tu: sultani mwenye hekima, na umati usio na majina wenye panga zilizopinda. Hata panga hizo nilizipinda mimi, maana wakati ule nyingi bado zilikuwa zimenyooka. Wakristo wenyeji wa nchi ile, waliokuwa wakizungumza Kiarabu, hawakuwemo kabisa. Na jeshi lilishindwa kwa sababu ya "hatima", neno nililolitumia mara 41.

Kilichonivunjia kitabu ni kumbukumbu za Usama ibn Munqidh, mtu wa ukoo uliotawala Shayzar huko Shamu, aliyeishi kuanzia 1095 hadi 1188. Alipigana na Wafaranji, ndilo jina la Wazungu hao wakati ule, miaka mingi na alikuwa na marafiki miongoni mwao. Anasimulia kwamba alipokuwa Yerusalemu, watawa wa Hekalu, anaowaita rafiki zake, walimwachia msikiti mdogo pembeni mwa al-Aqsa ili asali. Siku moja Mfaranji mgeni alimvamia katikati ya sala, akamgeuza uso kuelekea mashariki na kumwambia asali hivi. Watawa wakamtoa yule mtu, akarudi tena, wakamtoa tena, kisha wakamwomba radhi Usama: huyu ametoka kwao juzi tu, hajawahi kuona mtu akisali akielekea kwingine. Anasimulia pia shujaa wa farasi aliyekuwa na jipu mguuni. Tabibu mwenyeji aliliwekea dawa ya kubandika na likaanza kupasuka vizuri, ndipo akaja tabibu wa Kifaranji, akaita mtu mwenye shoka, mguu ukakatwa na mgonjwa akafa palepale.

Baada ya kusoma hayo sikuweza tena kukitetea kitabu changu. Wafaranji waliiteka Yerusalemu mwaka 1099. Kufikia Hattin walikuwa wamekaa jirani na Waislamu miaka 88. Wale waliouana kwenye majani yanayoungua walikuwa watu waliofanya biashara pamoja, waliopeana dhamana, waliojuana kwa majina. Kila onyesho langu lilisimama juu ya dhana kwamba hawajuani. Huwezi kusahihisha hilo kwa kubadilisha neno. Ukilitoa, sura nzima inaanguka.

Kwa hiyo niliandika upya, na jambo la kwanza nililobadilisha ni macho yanayoona. Msimulizi sasa ni mtunza farasi, Mkristo mwenyeji wa Akka, lugha yake Kiarabu, anamtumikia shujaa wa Kifaranji. Mtu wa namna hii anajua kitu ambacho mfalme hakijui: farasi mmoja akifanya kazi kwenye joto hunywa lita 30 au zaidi kwa siku. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba mashujaa wa farasi kwenye jeshi lile walikuwa kama 1,200. Hata ukihesabu farasi mmoja tu kwa kila mmoja, ni lita 36,000 kwa siku, kabla mtu yeyote hajalowesha mdomo, na bila kuhesabu maelfu ya askari wa miguu. Kijana wangu anaifanya hesabu hiyo kwa ndoo, usiku uleule Gerard anapomgeuza mfalme. Anapata jibu. Hakuna anayemuuliza. Neno "hatima" liliondoka lenyewe, kwa kuwa sasa jeshi linashindwa kwa sababu ambayo mtu mmoja aliijua jana yake.

Gharama ni kubwa. Kazi hii ilinichukua miezi 19, na karibu kurasa zote za zamani hazikurudi. Hatari nyingine ni kutomaliza. Anayeandika upya akiwa na miaka 40 na kitu anajua mengi mno, na kila wiki kuna kitabu kingine cha historia cha kusoma kwanza.

Mwandishi ninayemheshimu zaidi kwenye njia hii hakuandika kuhusu mashujaa wa farasi. Ni Alessandro Manzoni wa Italia, na riwaya yake ni ya Lombardia ya karne ya 17. Aliandika rasimu kati ya 1821 na 1823, akaibomoa na kuijenga upya, akaichapisha 1827. Mwaka huohuo alikwenda Firenze kusikiliza Kitaliano cha wenyeji wa pale, kisha akapitia lugha ya kitabu kizima na kukitoa tena kati ya 1840 na 1842. Mwenyewe aliita kazi hiyo kufua nguo zake katika mto Arno. Angalia mpangilio wake: mfupa kwanza, ngozi baadaye. Mimi nilianza na ngozi. Miezi mitano nilisugua sura ambazo baadaye nilizitupa, na ukichukua ushauri mmoja tu kwenye makala hii, chukua huo.

T. H. White naye anafaa kutazamwa, na yeye ni wa mashujaa wa farasi hasa. Mwaka 1938 alichapisha hadithi ya utoto wa Mfalme Arthur. Ilipoingizwa kwenye kitabu kikubwa cha 1958 alikuwa ameibadilisha: mchawi mmoja wa kike aliondolewa pamoja na sura yake ya kuchekesha, na yakaingizwa maonyesho ya mtoto kugeuzwa sisimizi na kuishi katika jamii inayoendeshwa kwa amri. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimepita kati ya matoleo hayo mawili, na mwandishi alikuwa na jambo jipya la kusema. Kitabu kizima kilipata uzito. Lakini hadi leo wako wasomaji wanaolipenda zaidi toleo la 1938, kwa wepesi na furaha yake, na mimi nawaelewa. Ukiandika upya, kuna mtu atakayekililia kile cha kwanza.

Kukiacha kilivyo na kukiwekea maelezo

Njia hii ilipitwa na Walter Scott. *Ivanhoe*, riwaya yake ya mashujaa wa farasi, ilitoka mwishoni mwa 1819. Baada ya kufilisika mwaka 1826, alianza mwaka 1829 kuzitoa tena riwaya zake zote katika toleo moja lenye dibaji na tanbihi mpya, na zamu ya *Ivanhoe* ikafika 1830. Hadithi hakuibomoa. Alizungumza na msomaji pembeni yake. Wahakiki walikuwa wamelalamika kwamba mtawa wa Hekalu kwenye riwaya ana watumwa Waafrika, jambo wasiloliamini kwa Uingereza ya Mfalme Richard. Scott aliandika tanbihi kumtetea mhusika wake, kwamba watawa wa Hekalu waliiga mengi kutoka kwa Waislamu waliopigana nao. Mhusika mwingine anakufa kisha anatokea hai, tukio ambalo wengi waliliona halikubaliki. Scott akaeleza wazi kwamba alilitia kwa kuombwa sana na rafiki yake mpiga chapa, aliyesikitika mno kuona mtu yule anazikwa.

Napenda uaminifu huo. Kwa kitabu ambacho tayari kina wasomaji wanaokikumbuka, hii ndiyo njia ya heshima zaidi, kwa sababu unawarudishia kile walichokipenda. Kwa kitabu kama changu, chenye nakala 500 zilizosambaa, dibaji ingekuwa inaomba radhi kwa watu ambao hawajasoma bado.

Kuandika kingine

Arthur Conan Doyle alichapisha riwaya ya mashujaa wa karne ya 14 mwaka 1891. Miaka kama 15 baadaye aliwarudia watu walewale, lakini kwa kitabu kipya kinachosimulia ujana wa mmoja wao, Sir Nigel, yaliyotokea kabla ya kile cha kwanza. Cha kwanza hakukigusa. Kama unawapenda wahusika wako na umechoka na kitabu, fanya hivyo.

Aya moja, mara tatu

Ni usiku wa kuamkia tarehe 4, juu ya mawe, bila maji. Hivi ndivyo nilivyouandika ujanani:

*Saa nne na robo usiku shujaa yule alisimama kama mnara, deraya yake ya mabamba iking'aa kwa mbalamwezi. Kiu ilimkereketa koo, lakini moyo wake ulikuwa moyo wa simba. "Kesho tutakufa kiume!" aliwaambia wenzake, nao wakanyanyua panga zao nzito, wakashangilia hadi milima ikaitika.*

Baada ya msasa:

*Usiku ulikuwa mzito, mwezi haujatoka. Shujaa yule alisimama juu ya mawe, koti lake la pete likimlemea mabegani. Kiu ilimkereketa koo, lakini moyo wake ulikuwa moyo wa simba. "Kesho tutakufa kiume," aliwaambia wenzake, nao wakashika mipini ya panga zao, wakaitika.*

Mwezi niliuondoa kwa kuhesabu kalenda ya Hijria. Vita vile vilikuwa tarehe 24 au 25 ya Mfunguo Saba, mwaka 583, na anayefuata mwandamo anajua kwamba mwezi wa siku hizo huchomoza usiku wa manane umekwishapita. Sasa ukweli wa mambo umenyooka. Lakini aya bado si ya kweli, kwa kuwa watu waliotembea kutwa kwenye jua la Julai bila tone la maji hawahutubiani. Midomo yao imekauka.

Ilivyoandikwa upya:

*Nilitia kidole kinywani mwa farasi wa bwana wangu, ulimi ulikuwa kama ngozi ya kiatu. Sikumwambia bwana. Chini yetu ngamia wao walikuwa wanapandisha maji kutoka ziwani. Nilisikia viriba vikigonga mbavu za ngamia, na mtu akimwita mwenzake aharakishe. Yusufu, alimwita. Nina ndugu anaitwa Yusufu. Nilingoja amwite tena.*

Nilipomsomea mke wangu aya zote tatu, kwenye ile ya pili alisema imekuwa safi. Kwenye ya tatu aliuliza, "Huyo Yusufu alikuwa nani?"

Jina la watu wenyewe

Mahali pamoja njia zote zinakutana, na Kiswahili hakikupi jibu la haraka: watu hawa tuwaiteje? "Shujaa" linamsifu mtu kabla hajafanya lolote. "Askari wa farasi" linawaingiza polisi wa kikoloni akilini. Usama anawaita *faris* mashujaa wa pande zote mbili, nami nikalijaribu neno hilo kwenye rasimu moja. Msomaji wangu wa kwanza alipofika kwenye wingi, mafarisi, akadhani nawasema Mafarisayo wa Biblia. Nimeishia kutumia "mpanda farasi" pale mtunza farasi anapozungumza, na "shujaa" pale wao wanapojisema wenyewe. Tofauti hiyo inafanya kazi kubwa bila kelele. Na kwa makabiliano ya panga na mikuki, kabla ya kukopa chochote, soma tenzi zetu. *Utenzi wa Tambuka* wa Pate, wa mwaka 1728, una misamiati ya ngao, deraya na farasi vitani ambayo kamusi ya shule haina.

Basi uchague ipi

Kabla ya kuamua, piga chapa upya sura moja. Mimi nililazimika kufanya hivyo, kwa kuwa mpiga chapa aliyetoa kitabu changu hakuwa na faili tena, nikabaki na nakala ya karatasi. Ilikuwa heri. Chukua sura ya katikati, kwa kuwa ya kwanza umeshaisugua mara nyingi na itakudanganya. Andika neno kwa neno bila kusahihisha. Mahali vidole vinapokimbia, pana uhai. Mahali unapojikuta unabadilisha neno kabla hujajua, kosa ni la ngozi. Mahali unaposimama ukaangalia dirishani kwa sababu huamini tena kwamba mtu huyu angefanya jambo hili, hapo umegusa mfupa.

Kama ulisimama mara moja au mbili, piga msasa na ukitoe kitabu ndani ya mwaka. Usijitafutie kazi ya miaka. Kama ulisimama kila ukurasa lakini bado unataka kujua mwisho wa watu hawa, andika upya, na andika huku kitabu cha zamani kimefungwa. Ukikifungua, sentensi zake zitakuvuta. Kama kitabu kilishawahi kupendwa na wengi, kiache, kipe dibaji yenye ukweli. Lakini pitia kwanza mkataba wako wa zamani uone haki ya kuchapisha tena iko kwa nani. Na kama ulisimama kila ukurasa na hukujali mwisho wao, kitabu hicho kimekwishakufundisha kuandika. Anza kingine.

Mimi niliandika upya. Katika kurasa 312 nimebakiza mashambulizi ya farasi, nikiwa nimeyakata kidogo, na sentensi moja ambayo sikuigusa hata herufi. Zamani ilikuwa katikati ya sura ya 17, imefichwa kati ya hotuba mbili. Sasa ni mstari wa mwisho wa sura ya Hattin: "Ziwa lilionekana lote kutoka pale juu, na lilikuwa limetulia."